Darasa moja, viwango vingi: namna ya kupanga somo ili kila mtoto apate lake

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Gredi 1 hadi 6 mwenye watoto arobaini na ushei, ubao mmoja, na hana msaidizi. Ndivyo yalivyo madarasa mengi ya Lamu, pwani ya Kenya, yawe ya Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe, Matondoni, Faza au Mpeketoni. Humo ndani yumo mtoto anayesoma kitabu cha kakake bila kukwama, yumo anayechanganya b na d, yumo wa jamii ya Aweer kutoka upande wa msitu wa Boni ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili, na pengine yumo asiyesikia vizuri na hakuna aliyetambua.

Mwalimu huambiwa aandike maandalio matatu kwa kila kipindi. Haiwezekani, na anayejaribu huacha baada ya wiki. Linalowezekana ni andalio moja lenye kiini kimoja, halafu kazi ya watoto ibadilishwe kwa mambo manne: ukubwa wa kazi, msaada unaotolewa, njia ya kujibu, na muda. Kiini hakibadiliki. Mengine yote yanakubali kuguswa.

Hatua ya 1: Jua kila mtoto anakwama wapi

Usitumie alama za mtihani wa muhula uliopita. Alama 40 haikuambii kama mtoto hajui silabi au hakuyaona maandishi ubaoni. Mpime kila mmoja peke yake kwa mdomo, dakika nne zinatosha. Ukichukua wanane kwa siku, wakati wenzao wananakili au wako mapumziko, darasa la watoto 40 limekwisha kwa wiki moja.

Andaa karatasi moja yenye herufi 10, silabi 10, maneno 10 ya silabi mbili, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi yenye maswali mawili. Anzia kwenye aya. Akiisoma bila kukosea zaidi ya mara tatu, mpandishe kwenye hadithi. Akikwama, mshushe kwenye maneno na umwache achague matano mwenyewe. Akipata manne, hicho ndicho kiwango chake. La sivyo shuka kwenye silabi, kisha herufi. Mtoto huandikwa kwenye ngazi ya juu kabisa aliyoimudu.

Mitego miwili hapa ni ya kwetu kabisa.

Wa kwanza ni kukariri. Watoto wengi wa Amu wamelelewa chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na kumbukumbu zao zina nguvu sana. Mtoto anaweza "kusoma" ukurasa mzima wa kitabu cha darasa huku jicho lake liko dirishani. Kwa hiyo aya ya kupimia iwe mpya, na akimaliza weka kidole kwenye neno la katikati umuulize ni neno gani. Akilazimika kurudi mwanzo wa sentensi ndipo alifikie, alikuwa anakariri. Kumbukumbu hiyo ni mtaji, usimkemee kwayo. Itakufaa kwenye majedwali ya kuzidisha.

Wa pili ni lahaja. Mtoto wa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, anayeandika ndia kwa njia, mato kwa macho, moya kwa moja, nti kwa nchi, hana tatizo la kusoma wala la sauti. Ameandika sawasawa kile anachokisikia nyumbani, na hilo laonyesha kuwa ameshaelewa uhusiano wa sauti na herufi. Ukimweka pamoja na wasiojua silabi utampotezea mwaka. Dawa yake ni orodha ya safu mbili ukutani: upande mmoja twanena, upande wa pili twaandika. Ongeza jozi tatu kila wiki, na mtoto asahihishe kwa kuiangalia. Usiseme Kiamu ni makosa. Sema nyumbani twanena mato, kitabuni twaandika macho, basi.

Kwa hisabati, pima kutambua namba 1 hadi 9, kisha 10 hadi 99, kisha kujumlisha na kutoa. Baada ya kila jibu muulize, "Umefanyaje?" Swali hilo lina thamani kuliko jibu lenyewe, kama utakavyoona hapa chini.

Hatua ya 2: Macho na masikio kabla ya kusema ni mzito

Mtoto anayekodoa macho, anayeinamisha kichwa upande mmoja, au anayenakili kwa jirani badala ya ubaoni, msogeze mbele kwa siku tatu uone kama kazi yake itabadilika. Kwa masikio, simama nyuma yake umbali wa urefu wa mkono, aizibe njia ya sikio moja kwa kidole, unong'one namba tatu azirudie. Rudia kwa namba nyingine, kisha upande wa pili. Akikosa zaidi ya nusu, mwite mzazi. Chungulia pia kama sikio linatoa usaha. Usaha unatibika zahanati, na mtoto asiyetibiwa anaweza kupoteza usikivu kwa kitu ambacho kingekwisha mapema.

Ukiona tatizo linaendelea, mpeleke mtoto kwenye kituo cha upimaji na nyenzo za elimu maalum, kile ambacho walimu hukiita EARC. Vituo hivi vimekuwapo Kenya tangu mwaka 1984, na kazi yao ni kumpima mtoto na kushauri awekwe wapi na asaidiwe vipi. Nenda na maandishi: tarehe, ulichoona, ulichojaribu, kilichotokea. "Haelewi" haimsaidii mpimaji. "Hunakili maneno mawili kati ya kumi akiwa safu ya nne, tisa kati ya kumi akiwa safu ya kwanza" inamsaidia.

Wakati mnasubiri majibu, mtoto abaki darasani akifundishwa. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinamhakikishia mwenye ulemavu nafasi katika taasisi za elimu. Kumwambia mzazi "mkae naye nyumbani kwanza" ni kumnyang'anya mtoto haki yake, hata kama mwalimu amesema kwa nia njema.

Hatua ya 3: Andika kiini kwa sentensi moja

Azimio la kazi litakuambia mada na mada ndogo. Kiini ni kitu kidogo kuliko hapo: jambo moja ambalo kila mtoto aliyemo darasani lazima aondoke nalo. Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, somo lako ni mawili.

Chukua mfano wa kutoa kwa kukopa, Gredi 3. Kiini chake: fungu moja la kumi likifunguliwa huwa mamoja kumi, na idadi haikubadilika. Mtoto aliyeshika hilo atafika kwenye tarakimu hata akichelewa. Aliyeruka hapo ataandika vimoja vidogo juu ya namba miaka mitatu bila kujua vinafanya nini.

Hatua ya 4: Tengeneza kazi, ngazi tatu kwa kiini kimoja

Tuendelee na mfano huohuo, maana ndipo palipo na utamu.

Vifaa ni chelewa, yaani njiti za makuti ya mnazi. Kata vijiti vya sentimita 10, vifunge kumi kumi kwa ukindu, kwa fundo ambalo mtoto analifungua kwa kuvuta. Usitumie gundi wala utepe wa kunata. Kule kufungua fungu kwa mkono ndilo somo lenyewe. Fungu lisilofunguka humfanya mtoto abadilishane kitu kimoja kwa vingine bila kuona kuwa ni vilevile. Kila jozi ya watoto inahitaji mafungu 5 na vijiti 2 vya peke yake, jumla 52. Kwa jozi nane andaa vijiti 416. Ni kazi ya jioni mbili ukiwashirikisha Gredi 6, na vitadumu miaka. Viwekwe juu ya sinia au ungo visiviringike. Mtoto asiyeona vizuri atavihesabu kwa vidole bila kuvipoteza.

Swali la kufungulia: mvuvi ana mitungo 5 ya samaki kumi kumi, na samaki 2 wa pembeni. Mteja ataka samaki 28. Mvuvi atafanyaje? Mpe kila mtoto nafasi ya kusema, maana wa Amu na wa Kizingitini wote wameona mtungo ukifunguliwa. Watakuambia wenyewe kuwa mitungo miwili inatoka mizima na mmoja lazima ufunguliwe. Kukopa ni huko.

Baada ya hapo kazi hugawanyika.

Ambao hawajaimarika wafanye 22 − 8 na 31 − 6 kwa vijiti. Waseme kwa sauti wanachofanya, waandike jibu tu. Hesabu mbili zinatosha, tatu wakiwahi.

Walio katikati wafanye 52 − 28 kwa vijiti, 61 − 34 kwa kuchora mistari na nukta, 43 − 17 kwa tarakimu peke yake. Vijiti vibaki mezani. Atakayekwama arudi kwavyo bila kuomba ruhusa.

Walio mbele wasipewe hesabu ishirini za namna ileile. Hiyo ni adhabu ya kuwa mwepesi, na mtoto hujifunza haraka kujifanya mzito. Wape swali linalogeuza mambo: "Ali alifanya 52 − 28 akapata 36. Fatuma akapata 34. Kila mmoja alikosea wapi?" Kisha tarakimu zilizofutwa: 5_ − _8 = 24.

Swali la Ali na Fatuma limefichua jambo ambalo kila mwalimu wa hisabati alijue. Ali aliondoa namba ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 toa 2 ni 6, 5 toa 2 ni 3. Fatuma alikopa vizuri, ila akasahau kuwa makumi yamepungua: 12 toa 8 ni 4, 5 toa 2 ni 3. Ali hana kiini. Fatuma anacho, ametelezea kwenye kuandika tu. Ali arudi kwenye vijiti, Fatuma apewe mazoezi mawili ya kukata tarakimu ya makumi na kuandika mpya juu yake. Sasa angalia 53 − 28. Kosa la Ali linatoa 35. Kosa la Fatuma nalo linatoa 35. Ukitumia hesabu hiyo kupimia hutawatofautisha kamwe. Hutokea kila tofauti ya tarakimu za mamoja inapokuwa 5, kwa hiyo katika hesabu za kupimia epuka 8 na 3, 7 na 2, 6 na 1, 9 na 4, 5 na 0.

Njia ya kujibu nayo ibadilike. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mkono haumtii apange kadi za tarakimu 0 hadi 9 badala ya kuandika. Asiyesikia aonyeshwe kitendo kwanza, maneno baadaye, na usifanye yote mawili kwa pamoja: hawezi kutazama vijiti na midomo yako wakati mmoja. Hawa wote wamefanya kiini kilekile na wanastahili kupimwa kwacho.

Kwenye kusoma, kanuni ni hiyohiyo ila tunachobadilisha ni uzito wa matini. Andika nakala mbili zenye maneno makuu yaleyale. Nakala nzito:

"Upepo ulipotulia, nahodha aliwaambia mabaharia watweke tanga. Jahazi likasogea polepole, likapita kando ya mikoko mpaka likafika mkondoni. Maji yalikuwa yanakupwa, kwa hiyo nahodha alishika katikati ya mkondo asije akapanda mwamba."

Nakala nyepesi:

"Nahodha ana jahazi. Mabaharia wanatweka tanga. Maji yanakupwa. Nahodha anaogopa mwamba."

Walio kwenye silabi wapewe kadi za na-ho-dha, ja-ha-zi, ta-nga, mwa-mba wazipange, huku mwenzao akiwasomea nakala nyepesi. Swali ni moja kwa wote: kwa nini mwamba unaogopwa zaidi maji yakikupwa? Mtoto wa silabi anaweza kulijibu kuliko bingwa wa kusoma, kwa sababu ameona chombo kikikwama. Kutosoma ni jambo moja na kutofahamu ni jingine, na darasa likishuhudia hilo mara mbili tatu, wenzake wataacha kumdharau.

Hatua ya 5: Gawa dakika 30

Dakika 5 za swali la kufungulia, darasa zima. Dakika 7 za kuonyesha, darasa zima. Dakika 13 za kazi kwa vikundi. Dakika 5 za kurudi pamoja, ambapo kila kikundi kinaonyesha kitu kimoja.

Katika zile 13, kaa dakika 6 na kikundi kinachohitaji zaidi, 4 na cha kati, 3 na cha mbele. Kosa la kawaida ni kumalizia zote kwa wanaokwama. Wa mbele wakiona hawaangaliwi wiki nzima, kelele zitaanzia kwao. Na usianze na wanaokwama: waache dakika mbili wajaribu wenyewe, upite kwa wengine kuhakikisha wameanza, ndipo ukae nao. Mtoto anayemwona mwalimu pembeni kabla hajashika kijiti hungoja kuambiwa.

Kunakili kutoka ubaoni ndiko kunakokula muda. Mtoto mzito wa kuandika humaliza kunakili swali la tatu kengele ikilia, na hakuna hata moja alilolifikiria. Andika maswali kwenye vipande vya boksi, kimoja kwa kila jozi, wao waandike majibu tu.

Hatua ya 6: Vikundi na mahali pa kukaa

Vikundi vya kiwango viishi ndani ya zile dakika 13, kisha vivunjwe. Sehemu nyingine ya siku watoto wachanganyike. Vipe majina ya vyombo, Dau, Mashua, Mtepe, Jahazi, na uyazungushe kila wiki ili jina lisishikamane na kiwango. Watoto watajua tu nani yuko wapi. Unachozuia ni jina la kutaniana mtaani. Pima upya kila baada ya wiki tatu, na mhamishe mtoto siku hiyohiyo akishapanda. Kikundi ambacho hakijabadilika tangu mwanzo wa muhula kimekuwa kifungo.

Mtoto anayemsaidia mwenzake apewe sheria moja: anaruhusiwa kuuliza na kuonyesha kwa vijiti vyake, haruhusiwi kugusa penseli ya mwenzake. Bila hiyo, daftari litakuwa safi na kichwa kitupu.

Madarasa yanayotazama bahari yana mng'ao mkali asubuhi. Mwenye uoni hafifu mweke mbele, mgongo au ubavu wake ukielekea dirisha, asitazamane nalo. Herufi za ubaoni ziwe na urefu wa sentimita 5 angalau, na karatasi yake iandikwe kwa kalamu nene nyeusi. Asiyesikia vizuri akae mbali na mlango wa njiani, mahali anapouona uso wako; nawe usizungumze ukiwa umeugeukia ubao.

Hatua ya 7: Kurekodi

Mtaala wa umilisi una ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Pima kiini, usipime njia. Aliyepanga kadi akapata sawa amefikia matarajio, wala usimshushe kwa kuwa hakuandika. Pembeni ya alama andika neno moja la msaada: vijiti, kadi, kusomewa, muda. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazomtetea Gredi 6 ikifika, maana Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) huwa na mipango kwa watahiniwa wenye ulemavu, kama muda wa ziada, maandishi makubwa na breli, na shule ndiyo inayopaswa kuomba mapema.

Usipime kwa "Mmeelewa?" Watoto wetu wana adabu, watajibu "Ndio mwalimu" kwa sauti moja. Uliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, wengine 39 wameshapumzika.

Mzazi na kalenda ya maji

Unapozungumza na mzazi anza na kile mtoto anachoweza. "Bi Mwana, mwanao hesabu za kichwa azijua vyema. Herufi ndizo zinamsumbua, na hivi ndivyo tutakavyosaidiana." Mpe kazi moja tu, ya dakika 10. Baada ya shule mtoto ana chuo, na akirudi jua limeshatua. Mzazi asiyesoma anaweza kumwambia mtoto amhesabie nazi jikoni kwa makumi, au amsimulie alichosoma leo.

Kisha angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa sana na baadhi ya watoto huenda mwambani na wakubwa wao kutafuta pweza. Usianze kiini kipya siku hizo; weka marudio na upimaji wa wiki tatu. Atakayekosa kipindi cha kiini hata hivyo, aanze siku ya kurudi na vijiti pamoja na jozi iliyokuwapo, dakika 13 zilezile, kabla hajapewa kazi ya siku hiyo.